Jicho la Kulia la Mwana-kondoo

— Leva mia mbili na themanini, Rangel! Hukunipunguzia hata moja, halafu unanifungia kamba mwana-kondoo chongo!

Stamena alikuwa kasimama mbele ya Rangel. Hasira anazo na hajawahi kuzificha, lakini leo ilikuwa zaidi ya hasira. Alikuwa kapigwa na butwaa. Benchi la mbele ya duka, mkabala na lango la kanisa, lilikuwa na wale wale wa kila siku na vikombe vyao vya kahawa nzito. Mnyama mwenyewe alifungwa kwenye mguu wa benchi, shada la maua limemwangukia shingoni. Punde tu padri alikuwa kamlambisha chumvi, akawasha mshumaa kwenye pembe yake ya kulia, kama ilivyo ada ya Siku ya Mtakatifu Georgi. Moto ukakaribia kope. Mnyama hakupepesa. Padri akainua shada lililomning'inia jichoni, na watu wakaguta kwa mdomo mmoja: jicho jeupe kama maziwa! Na shada hilo kalisuka Rangel mwenyewe, eti zawadi. Padri akazima mshumaa, akaingia ndani. Chenye dosari habariki. Adhuhuri ikipita kabla mnyama hajabarikiwa, nadhiri ya Stamena imelala. Mwaka jana mwanawe, Svilen, alitolewa kisimani hana pumzi. Mama akaahidi kwamba akipona atatoa mwana-kondoo asiye na kasoro. Mtoto akapona.

— Kengeza tu hilo, dada, — alisema Rangel, macho kwenye kikombe.

— Apendaye chongo ndiye huliita kengeza. Wewe hata hukulipenda, umeliuza!

Minko, waliyembatiza jina la Askofu kwa kujisomea Agano la Kale peke yake, alikohoa.

— Tulieni niwaeleze. Kwa Waisraeli wa kale, mnyama alikaguliwa kwato, meno, kope. Mwenye dosari alirudishwa zizini. Kwani Mungu ana njaa ya nyama? Aliwafundisha kwamba cha kwake si makombo. Nasi Wakristo tujifunze hapo hapo: utakatifu ni kutoa kile ambacho moyo unataka kukibakiza.

— Lakini Kristo si kashatolewa mara moja kwa wote? — aliuliza Tsono, aitwaye Waziri kwa kuwa zamani aliwahi kumshikia waziri mwavuli. — Basi dosari zimefutwa. Hata za kondoo.

— Za kondoo?

— Sikiliza, Askofu. Huyu ni mtakatifu kuliko wenzake. Dhambi huingilia machoni, na yeye kaona nusu tu.

— Kwa hiyo kipofu kabisa ni malaika!

— Haswa! Na asiye na miguu hajawahi kwenda pabaya. Asiye na ulimi hajasengenya mtu.

— Tumpelekee Mungu supu ya mifupa basi, tumalize.

— Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Si inahusu chongo?

Benchi likacheka. Stamena hakucheka. Alikuwa anaiona midomo ya Svilen ilivyokuwa ya buluu pale ukingoni mwa kisima.

— Siku ile sikumwomba Mungu nusu ya mtoto, — alisema. — Na yeye hakunipa nusu.

Rangel akapapasa mfuko.

— Haya, nakurudishia leva thelathini, yaishe, — Rangel alinong'ona.

— Thelathini! — Askofu nusura amwage kahawa. — Mtu huyu anapigia bei nadhiri mbele ya kanisa!

Dereva wa lori la maziwa, si mtu wa kijiji hiki, alikuwa kasimama mlangoni akingoja kahawa yake. Akauliza kwa upole tu, kama mtu anayeulizia njia:

— Samahani, mzee Rangel. Na kwako leo mnachinja yupi?

Rangel akaitupia jicho nyumba yake. Askofu akatua kikombe. Wa benchini wakatazamana kama watu waliomwagiwa maji baridi. Nyuma ya ua wa Rangel, ng'ambo ya barabara, mwana-kondoo akalia.

Stamena akafungua kamba kwenye mguu wa benchi, akaitia mkononi mwa Rangel.

— Shika wako. Nataka wangu.