Bibi Harusi Kavaa Sare na Mhudumu wa Soda

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, na mimi ndiye ninayeuza kahawa hapo. Wananiita Mama Birika. Wakaaji wake hawabadiliki. Yupo Wakili, ambaye hajasoma sheria hata ukurasa mmoja. Alikuwa tarishi wa mahakama, akabeba mafaili mpaka yakamwingia kichwani. Yupo Kinyozi, mwenye ukuta, anayeacha kichwa cha mteja nusu ili aje kuchangia hoja. Yupo Breki, dereva mstaafu wa lori, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Na mwisho wa benchi, karibu na mlango wa kichumba chake cha kazi, hukaa Koleo, fundi wa mapambo: mikufu, hereni, bangili, vyote vya waya wa shaba na shanga, vyote vya mkono. Juu ya mlango wake kuna kibao alichokiandika mwenyewe: KILA KITU KIMOJA TU. Jumatatu hiyo benchi lilikuwa linawaka moto, maana Jumamosi, kwenye harusi ya mtaani, bibi harusi alivaa mkufu wa Koleo, na msichana aliyekuwa akigawa soda alivaa mkufu uleule. Mshereheshaji akauona. Akasema kwenye kipaza sauti: "Jamani, bibi harusi kavaa sare na mhudumu wa soda!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

— Mimi nilikuwepo, alisema Kinyozi, wembe bado mkononi. Niliona kwa macho yangu. Shanga kwa shanga, pinda kwa pinda. Yule binti ni mwizi, kwisha habari.

— Mwizi wa nini? Breki aliuliza. Mkufu wa bibi harusi si alikuwa nao bibi harusi?

— Mwizi wa akili! Amepiga picha kazi ya Koleo, akapeleka kwa fundi mwingine, akaigiwa.

— Ndiyo maana wahenga walisema, Wakili alidakia, kikulacho ki nguoni mwako. Yaani mkufu. Mkufu unavaliwa juu ya nguo.

— Hiyo methali inahusu chawa, nilimwambia.

— Mama Birika, wewe mimina kahawa. Sheria tuachie sisi.

Koleo alikuwa ameinama. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeota moto, na kahawa ilikuwa haijapungua. Nilidhani ana uchungu. Fundi akiibiwa kazi yake ni sawa na mama akiibiwa mtoto, nikajisemea, mwache apumue.

— Nyinyi mnafikiria fundi, fundi, alisema Breki. Hakuna fundi hapo. Siku hizi kuna mashine, unaionyesha picha tu, inautema mkufu kama gari la kokoto linavyotema kokoto. Nimeambiwa na mtu aliyeiona.

— Picha wameipata wapi?

— Si anazirusha mwenyewe kwenye simu! Dunia nzima inaangalia. Mtu amelala huko aliko, anafungua jicho moja, anaona bangili ya Koleo, anabonyeza. Tayari.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Wakili akitikisa kichwa kwa huzuni. Ndiyo maana wameanza na mkufu mmoja. Sasa nisikilizeni kisheria. Yule mhudumu hakuja pale kugawa soda. Ametumwa. Kuna kampuni kubwa inataka mafundi wote wa mkono wafe. Inachukua wasichana, inawavalisha vya bandia, inawaingiza kwenye kila harusi wapite mbele ya kamera. Mwakani hutamkuta fundi hata wa kushona kiatu.

— Eee! Breki alipiga paja. Na mshereheshaji naye amelipwa. Vinginevyo aliuonaje kutoka kule mbele? Yule hata keki haioni, anaikata meza.

Walicheka. Koleo hakucheka. Kinyozi alimwendea, akamwekea mkono begani.

— Kaka, usijidhoofishe. Sisi tupo. Mtu mwenye kibao kama kile hawezi kuchafuliwa jina na msichana wa trei.

— Yaacheni, alisema Koleo. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo. Yaacheni yapite.

— Yapite? Jina lako? Tutaunda ujumbe, alisema Wakili, tutakwenda kwa mwenye kampuni ya vyakula iliyomleta harusini, tutamwambia amtoe yule binti aseme ameutoa wapi.

— Mmechelewa, alisema Kinyozi, na alisema kwa fahari. Jana nilimpigia simu. Nikamwambia, kaka, umeajiri mwizi wa kazi za watu. Amemsimamisha kazi hapohapo.

Kikombe cha Koleo kiligonga kisahani, kahawa ikamwagikia suruali yake. Nilichukua kitambaa nimpe, hakukiona.

— Umempigia nani?

— Mwenye kampuni. Usinishukuru, sisi ni ndugu.

Uso wake uligeuka rangi ya majivu. Nilidhani kahawa imemuunguza. Na hapo ndipo nikakumbuka jambo ambalo lilikuwa mbele ya masikio yangu siku nyingi. Zamani, nikiwa napanga vikombe, nilikuwa nikisikia kinyundo chake mle chumbani, ti-ti-ti, asubuhi mpaka adhuhuri, mpaka wateja wa Kinyozi walikuwa wakilalamika. Sikukumbuka mara ya mwisho kukisikia. Tulidhani biashara imemkubali, ametulia.

Kabla sijalifikiria vizuri, akaja binti mmoja, amejitanda khanga kichwani, mkoba kwapani. Wote tulimtambua. Bibi harusi mwenyewe, hina bado mbichi mikononi, na mahali pake palikuwa nyumbani kwa mumewe akipokea wageni, si kijiweni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, tuliitikia. Breki akasogea, akampangusia benchi kwa kofia yake.

— Sikai, asanteni. Nimekuja kwa fundi.

Aliutoa mkufu kwenye mkoba. Ulikuwa ndani ya kile kimfuko cha kitambaa anachoshona mkewe Koleo, chenye kifundo cha uzi mwekundu.

— Fundi, sikuja kwa ugomvi. Walinicheka, nikalia, yakaisha. Lakini leo asubuhi mwenye kampuni ya vyakula kanipigia. Anasema kuna mtu wa huku kamwambia yule msichana ni mwizi. Amemsimamisha kazi, na ananiuliza kama nataka ampeleke polisi. Msichana anaapa aliununua dukani. Sasa sitaki kumfunga mtu bure, na wewe pia sitaki uonewe. Niambie tu. Mikufu ya namna hii ulitengeneza mingapi?

— Mmoja! Kinyozi akajibu. Soma kibao!

— Kila mmoja duniani, Wakili akaongeza, ni kama alama ya kidole mbele ya mahakama.

— Namuuliza fundi, wazee wangu.

Koleo alisimama. Suruali ilikuwa na doa la kahawa gotini, naye alijaribu kulifunika kwa kiganja, kama mtoto.

— Sikutengeneza hata mmoja, alisema.

Breki alianza kucheka, akidhani ni mzaha. Aliposikia yuko peke yake, akanyamaza.

— Umesemaje? aliuliza binti.

— Nilinunua. Duka la jumla, nyuma ya stendi. Inakuja imebanwa kwenye mifuko ya plastiki kama maharage. Nilitoa kulabu yake, nikatia kulabu niliyoikunja mimi, nikauweka kwenye kimfuko. Yule msichana hakuiba kitu. Ameununua alikonunulia fundi wako.

Mteja wa Kinyozi alikuwa ametoka mlangoni, povu shavuni, naye akarudi ndani polepole bila kuambiwa.

— Koleo, alisema Kinyozi. Koleo, bwana. Mimi nimempigia mtu simu.

— Najua.

— Nimeapa kwa jina la mama yangu!

— Najua, ndugu yangu. Ningejua mapema, ningekuzuia. Nimekaa hapa tangu asubuhi nawasikiliza mkinitetea, na kila neno lilikuwa linaniingia kama msumari. Nilitaka niseme, nikaona mtamaliza, mtahamia kwenye mpira.

Binti alikuwa ameshika mkufu mbali kidogo na mwili wake.

— Kwa nini, Fundi? Mimi nilikuja kwako mapema. Nilikaa kwenye kigoda chako nikakueleza gauni langu lilivyo.

— Nilianza wako, alisema. Walahi nilianza. Waya upo mle ndani mpaka leo, umekunjwa nusu. Sikiliza, mwanangu, sijitetei. Kazi ya mkono watu wanaisifu. Wanaingia, wanashika, wanapiga picha na wenzao, wanasema Mungu akujalie vidole, wanaondoka. Kodi ilipobana nikanunua hereni kidogo za dukani. Nikajiambia hizi zinilishe tu, ili zangu nizifanye kwa nafasi. Nikazipanga meza moja na zangu.

Alikuwa anaongea na ardhi.

— Wakachagua zile. Zangu walizigeuzageuza, wakaona hii imepinda, hii haifanani na mwenzake, wakarudisha. Zile za kiwandani, mteja wangu wa siku nyingi akanishika mkono, akaniambia, Fundi, sasa mkono wako umetulia. Nikamjibu asante. Nilimjibu asante! Tangu siku hiyo, nikishika koleo, naona nacheza. Ulipokuja wewe, ukataka kitu ambacho hakuna mwingine atakuwa nacho, nilifurahi, nikasema huyu ndiye atanirudisha. Nikakaa. Vidole vikanikatalia. Waya ukikunjwa hauendi ninakotaka, unavunjika. Harusi ikakaribia. Nikaenda nyuma ya stendi.

— Si ungeniambia? Ningevaa hata uzi.

— Niliona haya.

— Na haya ya leo je?

Wakili alikohoa, akatafuta la kusema, akapata:

— Kuteleza si kuanguka.

Hakuna aliyemtazama, naye akainamia kikombe chake. Nilimimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi. Hata mimi haya ilinishika. Nilikuwa nimeuza maneno yake pamoja na kahawa yangu. Kila mgeni aliyekaa pale nilimwambia, ingia hapo kwa Koleo, hakuna anayefanana naye. Kinyozi alikuwa ametoa simu mfukoni, anaitazama kama kitu kilichomng'ata.

— Nitampigia, alisema. Lakini nitamwambia nini?

— Usimpigie, alisema Koleo. Nitakwenda mwenyewe. Nitakwenda kwa mwenye kampuni, na yule binti awepo, na wenzake wawepo. Niseme mbele yao. Mwanangu, kama utanionyesha njia.

— Nitakuonyesha, alisema binti. Nami nina la kumwambia yule msichana. Pale ukumbini alikuja kuniomba radhi, wala hakuwa na kosa. Nikamgeuzia mgongo.

Koleo aliingia chumbani mwake. Tulimsikia akisogeza vitu. Alitoka amevaa shati lingine, akafunga mlango kwa kufuli. Hakututazama. Binti alikuwa amerudisha mkufu mkobani, na sasa alikuwa anashikashika sikio lake chini ya khanga, kama mtu anayewashwa. Kisha akaiteremsha khanga mabegani.

Alikuwa amevaa hereni za shaba, ndogo, za mviringo usiotimia vizuri, zenye ushanga mmoja wa buluu katikati.

— Fundi, na hizi?

Koleo alisogea. Nilimwona uso ukifunguka kwa mara ya kwanza siku ile.

— Hizo... hizo alizichukua mama yako! Siku ulipomaliza shule.

— Ndiyo. Mama hayupo sasa. Ndizo pekee alizoninunulia kwa mkono wake. Aliponivisha aliniambia, hizi kuna mtu alikaa chini akazifua kwa kinyundo kwa ajili yako peke yako. Nilikuwa nikimkumbuka, nazishika. Siku ya harusi niliziacha mezani kwa sababu hazikuendana na mkufu.

— Ni zangu hizo, mwanangu. Nilizifua mimi, kwa mikono hii. Hiyo ya kushoto imezidi kidogo, nilitaka kuirekebisha, mama yako akakataa, akasema iache. Wakati huo nilikuwa sijanunua hata pini ya dukani. Naapa.

— Na mkufu je, uliponipa, hukuapa?

— Niliapa.

— Basi nitajuaje?

Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza njia. Alitaka kweli ajibiwe. Alimtazama Koleo, akamtazama Wakili, akamtazama Kinyozi na Breki, akanitazama mimi niliyeshika birika. Koleo alikuwa ameikunjua mikono yake mbele ya tumbo, viganja juu. Tukangoja. Ndani, mteja wa Kinyozi aliuliza kama kuna mtu.

Binti akaipandisha khanga yake, akafunika masikio, akatangulia. Koleo akamfuata nyuma, mikono mfukoni.