Arobaini na Moja, Sawa

Benchi la nje ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali. Asubuhi hiyo lilibeba watu watatu na kompyuta moja, mali ya Mama Vifaranga. Alikuwa na wiki tatu tu tangu aanze kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu, ili aandike programu ya kumwangalizia mashine ya kuangulia mayai: unaingiza joto, inakujibu. Jana yake joto lilipanda hadi arobaini na moja, programu ikajibu SAWA. Naye akaiamini. Mayai kumi na mawili yakaharibika. Yalibaki sabini, na siku tatu kabla ya kuanguliwa.

— Hebu soma tena, alisema Kinyozi.

— Kama joto limezidi 36, sema SAWA. La sivyo, kama limezidi 39, sema PUNGUZA MOTO.

— Mbona imeelezwa vizuri. Basi huo ni woga. Inaogopa kukupa habari mbaya.

Profesa, mshona viatu aliyepata jina hilo kwa sababu ya miwani yake, akatikisa kichwa.

— Woga wapi, ni malezi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kompyuta ina mama?

— Haina.

— Umeona.

Muuza kahawa akamimina kikombe kingine.

— Mimi nasema ni baridi ya huko ilikotengenezwa. Arobaini na moja hawajawahi kuiona. Inadhani mama anatania.

Mama Vifaranga akaingiza 41 tena. SAWA. Machozi yakamkaribia, akayateremsha na kahawa. Darasani walimcheka alipouliza; hapa angalau walicheka naye.

Wifi yake, aliyekuwa akipita na kapu la sabuni, akasimama, akaomba asomewe.

— Wifi, arobaini na moja haijazidi thelathini na sita?

— Imezidi.

— Si imeshajibu hapo juu, ikaridhika? Huko chini itafika kufanya nini?

Mama Vifaranga akaipandisha 39 juu, 36 akaishusha chini. Akaingiza 41: PUNGUZA MOTO. Akaingiza 38: SAWA. Akacheka peke yake, mkono kifuani.

— Nilikuwa nakaribia kusema hivyo hivyo, alisema Profesa.

— Hongera, wifi, alisema yule mwenye kapu. Na sasa hivi, huko nyumbani, joto ni ngapi?

Profesa akatazama soli. Kinyozi akatazama mkasi. Mama Vifaranga alikuwa ameshavuka barabara, kompyuta kwapani, bado imefunguka.