Kaseti ya Kumbikumbi

MUMINA: Haloo? Nani huyo?

HILLOW: Mimi. Ndugu yako.

MUMINA: Ndugu yangu yupi? Ninaye mmoja huko Stechford, lakini huyo hupiga simu siku ya Idi tu.

HILLOW: Abaayo, dada yangu, usianze. Asalaam aleikum.

MUMINA: Aleikum salaam. Idi bado, Hillow. Nani amekufa?

HILLOW: Hakuna aliyekufa. Hooyo yuko karibu?

MUMINA: Mama yako yuko sebuleni na blanketi mbili, anailaani Northfield hii ya Wazungu kwa baridi ya mwezi wa tano. Nimpe simu?

HILLOW: La! La, la. Ingia jikoni, ufunge mlango. Na tuongee Kiswahili tu, usiniletee Kisomali hata neno moja.

MUMINA: Ala! Umevunja nini?

HILLOW: Kwani lazima niwe nimevunja kitu?

MUMINA: Tangu tukiwa watoto Eastleigh, ukitaka Kiswahili cha kumficha Hooyo, kuna kitu kimevunjika. Haya, nimefunga. Sema.

HILLOW: Nimenunua kompyuta.

MUMINA: Mwaka wa elfu mbili na sita, mtu ananong'ona kwamba amenunua kompyuta. Hongera. Hata Iqra wangu anayo, na ana miaka tisa.

HILLOW: Si kama ya Iqra. Ile yetu. Ile ya vibonyezo vya raba, ya kuchomeka kwa TV.

MUMINA: Wee!

HILLOW: Kwenye car boot, ule mnada wa mitumba, Jumapili iliyopita. Mzee ameiweka kati ya masufuria na viatu vya kuteleza kwenye barafu, na redio kaseti yake, na nyaya zote. Karibu anipe bure.

MUMINA: Na inawaka?

HILLOW: Inawaka. Sasa bahatisha nimeweka nini ndani yake.

MUMINA: Usiniambie bado unayo ile kaseti ya game.

HILLOW: Kumbikumbi.

MUMINA: Kumbikumbi! Wallahi, Hillow! Mwanamume mzima, baba wa watoto watatu, dereva wa—

HILLOW: Wanashuka vilevile, Mumina! Kutoka juu, makundi makundi, wanayumba, na kile kijindege chetu chini kinakohoa risasi moja moja. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Unamkumbuka Gertrude wa mlango wa pili? Alivyotuambia hawa si wa kupigwa risasi, ni wa kukaangwa na chumvi?

MUMINA: Na akatuletea wa kweli kwenye kikombe! Ukatapika kwenye ngazi.

HILLOW: Sikutapika.

MUMINA: Ulitapika, nikapangusa mimi. Na Najib wako amesemaje?

HILLOW: Najib amesimama dakika mbili, ameangalia, akaniuliza, "Dad, is it broken?"

MUMINA: (anacheka) Mungu amweke.

HILLOW: Game iligoma kuingia kutoka kwenye kaseti mara nne. Kompyuta inalia ile kelele yake, mistari inapita kwa TV, halafu kimya. Mpaka nikakumbuka sauti ya redio unaiweka—

MUMINA: Saba kasorobo.

HILLOW: Saba kasorobo! Umekumbuka!

MUMINA: Nani alikufundisha? Wewe ulikuwa unaipiga makofi tu. Sasa tuseme ukweli. Skoa yangu unaikumbuka?

HILLOW: Siikumbuki.

MUMINA: Unaikumbuka. Niliiandika nyuma ya mlango kwa wanja wa Hooyo. Elfu arobaini na nane, mia mbili na kumi.

HILLOW: Nimeivunja jana.

MUMINA: Muongo.

HILLOW: Haki ya Mungu, nimefika leveli ya saba.

MUMINA: Leveli ya saba kumbikumbi wana rangi gani?

HILLOW: Ee... kijani.

MUMINA: Wekundu! Wekundu, Hillow! Hujawahi kuwaona maisha yako yote, na hutawaona.

HILLOW: Hata hivyo skoa yako ilikuwa ya hongo.

MUMINA: Hongo ya nani?

HILLOW: Yangu. Nani alikuwa anaanza kila siku? Nani alipewa zamu mbili na mimi moja, mwezi mzima?

MUMINA: Mimi.

HILLOW: Kwa sababu gani?

(mkwaruzo kwenye laini)

HILLOW: Mumina? Upo?

MUMINA: Nipo. Hillow, hilo tuliliacha kule. Miaka ishirini hatujalitaja, leo unalileta kwa simu?

HILLOW: Lazima nilitaje.

MUMINA: Kwa sababu nilikuona. Umeridhika? Nilikuona ukiitoa kaseti ya Aabo chini ya mto wa Hooyo, ukarekodi game ya jirani yetu Surjit juu ya sauti ya baba yetu. Na mimi nikauza mdomo wangu kwa zamu mbili. Haya, nimesema.

HILLOW: Nilikuwa na miaka kumi. Wazazi wa Surjit walikuwa wanahama kesho yake. Kompyuta wametuachia, lakini kaseti ya game anaondoka nayo, amenipa saa moja tu ninakili. Maduka yamefungwa, kaseti tupu hakuna. Nami nikaona ni barua ya sauti kama zile zingine za Aabo. Si kila mwezi ilikuja moja kutoka Jeddah? Hooyo anaisikiliza, anarekodi jibu juu yake, anairudisha. Nilisema nitamwambia redio imeila.

MUMINA: Ukaificha.

HILLOW: Nikaificha. Ningejuaje kwamba wiki mbili baadaye—

MUMINA: Najua ya wiki mbili baadaye. Nilikuwepo. Simu ya msiba kutoka Jeddah ilikuja kwa duka la Dagane, na Dagane akapanda ngazi amevua kofia.

HILLOW: Halafu Hooyo akaanza kuitafuta.

MUMINA: Aligeuza godoro. Akamwaga gunia la mchele sakafuni. Nilikuwa na miaka minane, nikamsaidia kuchagua mchele, na nilijua. Hillow, kama umenipigia ili nilie jikoni kwangu Jumamosi mchana, na nimeweka vitunguu motoni—

HILLOW: Haikufutika yote.

MUMINA: Nini?

HILLOW: Game ni dakika tano. Upande wa kaseti ni nusu saa.

MUMINA: Sikuelewi.

HILLOW: Jana nilikuwa nacheza. Kumbikumbi wameniua, nimekasirika, nimeinuka nichomoe ule waya wa redio. Nimesahau kuizima. Unajua ule waya ukiwa umechomekwa, spika ya redio haitoi sauti—

MUMINA: Najua. Inakwenda yote kwa kompyuta.

HILLOW: Nikachomoa. Na akaongea.

(kimya)

HILLOW: Abaayo?

MUMINA: Hillow. Unaweza kunitania kwa kila kitu. Si kwa hili.

HILLOW: Sikutanii. Nilikaa chini sakafuni. Najib alifikiri nimepigwa na umeme.

MUMINA: Ni yeye?

HILLOW: Ni yeye. Anaanza katikati, "basi mwambie fundi angojee." Fundi gani, sijui. Halafu anamsimulia Hooyo jinsi alivyopika wali akauunguza, na wenzake wa chumbani wakala mkate. Anakohoa kwanza, ndipo anacheka. Nilikuwa nimesahau. Nakumbuka uso, nakumbuka kanzu, kikohozi nilikisahau kabisa.

MUMINA: (sauti chini) Kama pikipiki inayokataa kuwaka.

HILLOW: Ndiyo! Hiyo hiyo!

MUMINA: Ngoja nizime moto. Haya. Ametutaja?

HILLOW: Mimi anasema nisinunuliwe viatu vikubwa tena, natembea kama bata. Na wewe anasema usikatwe nywele, anataka azikute zimefika kiunoni.

MUMINA: Nilikatwa. Mwaka ule ule, kwa sababu ya chawa ulionipa wewe.

HILLOW: Chawa walikuwa wako.

MUMINA: Walikuwa wako, Hillow. (anapenga kamasi) Kwa hiyo tulipokuwa tukicheza...

HILLOW: Ndiyo.

MUMINA: Mara ngapi tuliisahau redio ikizunguka mpaka mwisho?

HILLOW: Karibu kila siku. Mwezi mzima tumepigana nani achukue zamu, na yeye yuko pale ndani ya waya anatuambia mambo ya viatu. Nimefikiria hilo usiku kucha. Naumia, Mumina. Wallahi naumia.

MUMINA: Na mwisho anasemaje?

HILLOW: Hapo sasa ndipo. Anaagana, anawasalimu majirani wote kwa majina mpaka nikachoka. Halafu anamwambia Hooyo, "Kaseti huku zimepanda bei, nijibu juu ya hii hii kama kawaida."

MUMINA: Juu ya hii hii.

HILLOW: Si unaona?

MUMINA: Angeifuta yeye. Hooyo.

HILLOW: Mwezi ule ule, kwa kidole chake mwenyewe, akimsimulia habari zetu na bei ya nyanya. Zile zingine zote alizifuta hivyo. Hakuna hata moja iliyobaki.

MUMINA: Ila ya mwizi.

HILLOW: Ila ya mwizi.

MUMINA: Basi sasa unataka nikupigie makofi.

HILLOW: Nataka uniambie nimwambieje! Miaka ishirini nimemwacha aamini imepotea. Akinitukana sawa, akinipiga na kiatu sawa. Naogopa aseme, "Ulikuwa nayo wakati wote huo," halafu anyamaze. Unajua akinyamaza.

MUMINA: Najua. Mwambie wewe.

HILLOW: Wewe ndiye unakaa naye.

MUMINA: Na wewe ndiye uliyeiba. Mimi nilikuwa mla hongo tu.

HILLOW: Sikiliza, mpango ni huu. Kaseti ni kuukuu, imeanza kulia kama panya, naogopa itajikunja ndani. Jumatatu naipeleka kwa Rajni wa duka la picha, anaihamisha kwa CD. Ikishakuwa salama, tunamketisha, tunampa chai, pole pole, tunaanza kwa kumwambia—

MUMINA: Hillow.

HILLOW: —kwamba kulikuwa na watoto wawili wajinga—

MUMINA: Hillow, nyamaza. Mlango umefunguliwa.

HILLOW: Mlango gani?

MUMINA: Wa jikoni. Amesimama hapa.

HILLOW: Tangu saa ngapi?

MUMINA: Sijui. Blanketi moja imebaki begani.

HILLOW: Si tunaongea Kiswahili?

MUMINA: Ewe mtu! Mama huyu ameuza vitambaa Eastleigh miaka ishirini na mbili. Unadhani alikuwa anapunguza bei kwa Kisomali?

HILLOW: Yaani siku zote—

MUMINA: Siku zote. Sahani, dirisha, kila kitu. Sisi ndio tulikuwa wajinga.

HILLOW: Anasemaje? Mumina, anasemaje? Amenyamaza?

MUMINA: Anauliza kama kikohozi kipo.

HILLOW: Mwambie kipo.

MUMINA: Nimemwambia. Ngoja... Hooyo, kaa kwanza, magoti... Hillow, anavaa viatu.

HILLOW: Viatu vya wapi? Tangu Januari hajatoka nje!

MUMINA: Anavaa. Anauliza treni ya Stechford inaondoka saa ngapi.

HILLOW: Gari langu liko gereji. Mwambie nitaileta hiyo kaseti mwenyewe, nakuja sasa hivi—

MUMINA: Anasema usiiguse. Anasema mwizi haibebi mali mara ya pili.

HILLOW: (anacheka, sauti inakatika) Basi amekasirika.

MUMINA: Hajakasirika. Anasema alijua kuwa ni wewe.

(mlio mfupi kwenye simu)

HILLOW: Salio langu hilo. Alijua lini?

MUMINA: Siku ile ile. Anasema nyumba nzima walitafuta, hata watoto wa jirani. Wewe peke yako uliketi.

HILLOW: Mbona hakusema kitu? Hakuniuliza hata siku moja!

MUMINA: Ngoja, anaongea huku anatafuta buibui lake... Anasema alidhani umeifuta yote. Na mtoto umefiwa na baba wiki hiyo, akuongezee na kesi?

HILLOW: (anavuta kamasi)

MUMINA: Hillow, unalia?

HILLOW: Laini mbaya.

MUMINA: Laini yako ina kamasi. Haya, anauliza zimefutika dakika ngapi.

HILLOW: Tano. Zile za mwanzo. Mwambie anisamehe, mwambie hizo tano haziwezi kurudi, nilijaribu jana—

(mlio, mlio)

MUMINA: Anasema hizo usihangaike nazo. Aliisikiliza mara moja tu, lakini za mwanzo anazijua neno kwa neno. Atazisema yeye, halafu uwashe.

HILLOW: Mumina, mwambie— mwambie nitawangoja pale stesheni, juu ya ngaz—

MUMINA: Haloo? Hillow? Imekatika, Hooyo. Twende.