Fimbo za Gofu Kabla ya Siku ya Kunyoa

Shauri la Uharibifu wa Nyasi kwa Njia Isiyo ya Kimchezo, Mbele ya Kamati Ndogo ya Viwanja: hivyo ndivyo klabu pale mjini Kakamega ilivyokiita kishimo alichochimba mwanangu Oliver akilenga mpira wa gofu, na kwa kishimo cha kutosha mche mmoja wa sukuma wiki, waheshimiwa walikaa, wakanywa chai, wakaahirisha.

Sikilizeni wanangu, pumzi ingalipo. Shamba hili la Musanda mligawane lilivyopimwa, na baba yenu mdogo Andati mwachieni njia ya ng'ombe, ingawa hanisalimu tangu ahamishe ua wa mpaka. Linaloninyima usingizi ni fimbo zangu za gofu. Mkishanizika, siku ya kunyoa, mnaponyolewa nywele za msiba na mali ikagawanywa, wazee wa ukoo watasema kitu cha mkononi mwa baba ni cha kifungua mimba. Oliver atazitundika ukutani, na Ayuma, binti yangu anayezipenda, ataambiwa akaongeze maji ya chai. Sitaki. Zitakwenda kwa anayejua kupiga. Tokeni nje, mwende uani, mpige mmoja mmoja. Dirisha li wazi, nitawaona kutoka hapa kitandani.

Oliver, wewe unakata muwa: nguvu zote mikononi, panga linashuka, linaishia kwenye shina. Muwa unataka hivyo, mpira hautaki. Nguvu ianzie mguuni, kiuno kigeuke kwanza, mabega yafuate, mikono ije ikivutwa. Kila kiungo kikipunguza mwendo, kinachofuata kinaurithi, hadi kichwa cha fimbo, ambacho kiko mbali kuliko vyote na kwa hiyo kina kasi kuliko vyote. Viganja vifunguke mwisho kabisa. Ukiviharakisha, kasi unaimaliza hewani. Na usikomee kwenye mpira, upite.

Haya, piga. Umeng'oa nyasi tena, mwanangu. Bahati yako hapa hakuna kamati.

Andati, nakuona hapo uani kwako, na nimekusikia ukisema tangu lini msichana akarithi kitu cha mkononi. Tangu leo. Sogea kidogo, ndugu yangu, hapo uliposimama ndipo Ayuma anapolenga.

Nyinyi mliobaki humu ndani, niinueni mto. Ayuma, taratibu kwenda nyuma... kiuno... usiukimbilie. Oliver, usinune, simama naye. Mungu awape miguu imara... na mikono isiyo na pupa. Mpendane hata nikiwa... hata nisipokuwepo. Piga, mama.

Mpira umevuka ua. Umeangukia katikati ya miwa ya Andati. Oliver amembebea dada yake mfuko wa fimbo.