Atakayenisomea Motoni

Sogeeni upande huu wa kulia, wanangu, maana wa kushoto umeshakufa kabla yangu. Mkono hauna habari, shavu halina habari, na chai aliyoninywesha Wangare asubuhi imenimwagikia kifuani nisijue kama ni ya moto au imepoa. Sikilizeni. Nitasema polepole, na neno likinitoka limepinda mlinyooshe wenyewe, msinirudishe nyuma kila mara, kwa sababu pumzi ninayo ya safari moja tu, na mwisho wa safari hiyo nataka mjue ni nani atakayenisomea motoni siku mtakayonichoma.

Tuanze na mali, maana ndiyo nyepesi. Mashine ya kusaga posho ni yako, Kinyanjui, pamoja na mawe yake mapya na mkanda ule unaoteleza mvua ikinyesha, na ukitaka kuiuza ukaendelee na viazi vyako Kuresoi, uza, sina kinyongo. Nyumba hii ya mabati nyuma ya mashine ni ya Wangare, na mtu asije kumwambia kwamba binti harithi. Amenipikia na kunifulia tangu mama yenu aondolewe, na mwenye kuuliza haki yake imetoka wapi aje aninuse shuka. Hakuna ninayemdai, hakuna anayenidai. Hayo yameisha.

Lililobaki ni la kinywa. Watu wa mji huu huniita Banyani wa posho, lakini kwetu Gujarati sisi ni ukoo wa makuhani, watu ambao kazi yao tangu babu wa babu ilikuwa kusoma maneno ya Kisanskriti kwenye harusi na kwenye moto wa maiti, na maneno hayo hatukufundishwa kwa kitabu, yalitoka kinywani mwa baba yakaingia sikioni mwa mwana. Niliposhuka stesheni ya Nakuru nikiwa kijana sikuwa na mzigo mwingine. Na ndani yake kuna jambo moja ambalo wengi hapa wamelitupa, nalo ni zile herufi zinazokuja mbili mbili. Neno kama datta, maana yake kilichotolewa, lina t mbili, na ile ya kwanza haisemwi, inashikwa. Ulimi unagusa nyuma ya meno, pumzi inasimama, unangoja, ndipo unaachia. Ni kama mtu aliyejitwika gunia akifika mlangoni: anasimama kidogo, anajiweka sawa, kisha anaingia, na akipita mbio anajigonga. Tena ukoo wetu una desturi yake, kwamba herufi inayofuata r nayo huongezwa ikashikwa, kwa hiyo wengine husema karma, sisi husema karmma, midomo imefungwa, m imekaa ndani kabla ya kutoka. Wenye maduka hucheka, wanasema ni ushamba wa wazee. Wacheke tu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kinyanjui, wewe nilikufundisha ukiwa mdogo na hukuweza, na usiinamishe kichwa, si dhambi. Kila palipotaka kushikwa wewe ulitia irabu upumzike, ukasema darama badala ya dharmma, mama yenu akacheka mpaka akakaa chini. Baadaye ukaenda misheni, ukabatizwa Hezekiah, ukapata nyimbo zako, nami sikukuzuia. Wangare hakufundishwa na mtu, kwa sababu kwetu msichana hafundishwi. Alikuwa akikinga unga mashine ikivuma, nami nikisoma juu ya ule mngurumo nikidhani niko peke yangu, hadi siku moja mkanda ukakatika, mashine ikanyamaza ghafla, na sauti yake ikabaki hewani, iko neno moja mbele yangu, herufi zote zimeshikwa mahali pake. Nilifunga mkanda mwingine, na kesho yake nikasoma polepole zaidi ili asikie vizuri.

Mama yenu mnajua alivyoondoka. Mwaka ule wa hali ya hatari Wakikuyu walipopakiwa kwenye malori kurudishwa walikoambiwa ni kwao, ingawa mama yenu Wamaitha alizaliwa shambani mwa mzungu hapa Lanet na kwao kwingine hakukujua, nilisimama mlangoni na unga kichwani nikawaambia askari huyu ni mke wangu. Wakataka cheti. Cheti hatukuwa nacho, maana kwangu hakuna aliyekubali kutufungisha ndoa. Akapanda lori na sufuria yake. Halafu ukaja wewe, Kinyanjui, uliyekwenda kumtafuta, kuniambia amefariki, amezikwa pamoja na wengine, mahali ambapo hata wewe huwezi kunionyesha. Watu walingoja nilie. Sikulia, na msidhani ulikuwa ujasiri. Nilifungua mashine nikasaga mahindi ya watu. Tangu hapo sijui chungu wala tamu, chakula nakula kwa kuwa kimewekwa mbele yangu. Nawaambia haya ili leo msinitafutie machozi, hayapo.

Sasa lile la jana. Vallabhdas, mwenye duka la vitambaa, mkubwa wa kamati ya hekalu, alikuja akaketi hapo kwenye kiti. Huyu ndiye aliyenifungia mlango wa hekalu nilipomchukua mama yenu, akanitupia kwamba mkataa kwao ni mtumwa, na ndiyo sababu nyinyi mna majina ya upande wa mama tu, kwa upande wangu hakutokea wa kuwapokea. Jana alikuwa mpole. Akasema ataita kuhani kutoka Nairobi aje anisomee, ataleta kuni nzuri na samli, na jumuiya nzima itahudhuria kama inavyostahili mtu wa ukoo wangu. Ila nyinyi wawili mtakaa nje ya lango. Kinyanjui kwa ajili ya damu na ubatizo, Wangare kwa ajili ya damu na kwa kuwa mwanamke hakanyagi uwanja wa kuchomea maiti.

Nikamwambia, ndugu yangu, nenda nyumbani. Sikukasirika. Natamani ningekasirika, lakini hasira nayo inataka mtu mwenye nguvu. Akanikumbusha kwamba desturi hiyo ni yangu pia na kwamba baba yangu asingekubali, na amesema kweli, asingekubali. Nimekubali mimi.

Basi shikeni agizo. Kinyanjui, utawasha moto, kwa kuwa mwana ndiye huwasha na hilo silibadilishi. Katekista wenu akikuuliza, mwambie ulimfanyia baba yako kazi ya mikono, maneno hukutia, nawe utakuwa hukudanganya. Wangare atasoma. Mzee Kipkemei wa kuni ataleta kuni zake za kawaida, na mkiwa watatu mnatosha. Vallabhdas akija akasimama kwa mbali, mkaribisheni. Sisi hatuweki mtu nje ya lango.

Wangare, naona unavyotikisa kichwa tangu nilipotaja jina lako. Unaogopa watasema. Watasema, mama, kinywa ni jumba la maneno. Unaogopa kukosea. Sikia, mimi siwezi tena. Tangu nianguke mdomo haufungi, nikisema datta pumzi inavuja kwa shavu hili bovu, hakuna kinachoshikwa. Nimejaribu asubuhi yote ulipokuwa mtoni. Katika nchi hii nzima kinywa cha ukoo wetu kilichobaki ni chako, na mimi sitaki mgeni anayepita mbio juu yangu, nataka nisomewe na mtu aliyekula unga wangu. Nalitaka hilo. Ndicho kitu cha kwanza ninachokitaka tangu mama yenu apande lile lori.

Haya... ngojeni nipumue.

Mungu wa mama yenu na wale wa baba yangu wakae nanyi, wasigombane. Kinyanjui, shamba lizae, watoto wako wakuheshimu, na dada yako usimwache peke yake na maneno ya watu. Wangare, usikose wa kukupikia siku utakapolala kama mimi. Nimewapa radhi wote wawili.

Lete mkono, mama. Anza sasa, ningali nasikia, maiti hamsahihishi mtu. Ukifika panaposhikwa nitakubana kidole. Nikiachia, achia. Usiniangalie usoni...

Vizuri...

Hapo umekimbia. Rudi...

Ee. Hivyo...

Nisipokubana tena... usinyamaze. Shika mwenyewe. Nenda nayo mpaka mwisho.