Asiya Alisema Ndiyo

Mwaka wa pili baada ya uhuru, mtu wa Rumonge aliyetaka kujua dunia inakwenda wapi hakujisumbua kuuliza ofisini. Alikuja kwenye benchi la Mwanvua, muuza kahawa, mbele ya kibanda cha fundi cherehani, pale barabara ya Bujumbura inapoingia sokoni na harufu ya mawese inapogombana na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani. Wenye benchi walikuwa watatu, na hakuna jambo walilokiri kutolijua. Kassimu, fundi mwenyewe, aliitwa Protokoli, kwa kuwa Direkteri wa shule alimpa kazi ya kuwazoesha mji walimu wapya waliotoka Kanada. Muzee Uledi aliitwa Kapiteni, maana aliwahi kuendesha boti mpaka Kigoma. Sylvestre alikuwa na redio, basi akaitwa Komunike, kama matangazo yake. Mwanvua hakuwa na jina la utani. Nani angethubutu, na birika iko mikononi mwake? Lakini jioni hiyo alimimina bila kutazama kikombe. Binti yake Asiya alikuwa amefukuzwa shule asubuhi, na kesho ndiyo ilikuwa konkuru, mtihani wa kwenda sekondari. Asiyeufanya kesho amekwisha, atabaki kuanika ndagala.

— Mama Asiya, kahawa inamwagika, alisema Komunike.

— Acha imwagike. Na roho yangu imemwagika pia.

— Pole. Sasa tuanze polepole, alisema Protokoli, akitundika shingoni mita yake ya kupimia nguo. Mutoto aliiba chaki za rangi za mwalimu wake, Mamzeli Odile, ao hakuiba?

— Hakuiba.

— Aliulizwa namna gani?

Mwanvua aliweka birika chini. Maneno hayo alikuwa ameyasikia kwa Asiya mara nyingi tangu asubuhi, mutoto akilia mpaka kwikwi zikamshika.

— Mamzeli alimusimamisha mbele ya wenzake. Akamuuliza kwa Kifaransa, «Hukuchukua chaki zangu?» Asiya akajibu, «Wi, Mamzeli.» Ndiyo. Basi. Mamzeli akabadilika uso, akampeleka kwa Direkteri, Direkteri akasema mutoto arudi nyumbani, asionekane kesho.

Benchi zima likapima maneno hayo.

— Lakini mutoto amekataa, alisema Komunike.

— Amekataa wazi kabisa, alisema Kapiteni. Ameulizwa hukuchukua, amesema ndiyo. Alitaka akatae namna gani tena, aape kwa ziwa?

— Ndiyo ninayouliza mimi, alisema Mwanvua. Mutoto amekataa kwa adabu, amefukuzwa kama mwizi. Na huyu Mamzeli ninamunywesha kahawa kila juma.

Protokoli alijikuna shingo. Kosa la mgeni ni kosa la mwenyeji wake, na yeye alikuwa amejisifu sana juu ya mgeni huyu. Alikuwa amemfundisha kusema amahoro, salamu ya Kirundi, kabla ya kuuliza bei. Alimfundisha kwamba mwalimu hali muhindi akitembea sokoni. Siku ya tatu hata alimpelekea jembe, maana alisikia mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na Mamzeli, masikini, akalima maharagwe mbele ya nyumba mpaka mikono ikatoka malengelenge.

— Mimi nadhani ni baridi, alisema Kapiteni. Kule Kanada mvua inaanguka ikiwa ngumu. Masikio yao yameganda tangu utoto. Mutu akisema neno fupi, halifiki. Asiya angesema neno refu.

— Hapana, alisema Komunike. Hii ni politiki. Bazungu wa zamani wametuachia uhuru, hawa wapya wametumwa waone kama tunaweza kukataa. Mutu akikataa vizuri, wanamupa adhabu. Redio haikusema, lakini redio ikinyamaza ujue iko na jambo.

— Na chaki?

— Chaki zimekwenda Bujumbura. Ao Paris. Rangi ya bluu inatafutwa sana.

— Wahenga walisema, ndagala mukunje angali mbichi, alisema Kapiteni.

— Walisema samaki.

— Na ndagala ni nini, ngombe?

— Nyamazeni, alisema Mwanvua.

Alikuwa amemlea Asiya peke yake, kwa kahawa hii hii. Usiku mutoto alisoma hesabu za sehemu kwa sauti mpaka mama naye akazijua, nusu ya robo, theluthi ya sita, vitu ambavyo hakuwahi kuviuza wala kuvipika. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga, na woga ndio ulimuumiza zaidi. Je, kama mutoto alichukua kweli? Wazo hilo alilitupa, likarudi, akalitupa tena.

Hapo Mamzeli Odile akatokea upande wa soko. Alikuwa mwembamba, pua imeiva kwa jua, na macho yake yalionyesha kwamba hata yeye hakuwa na siku nzuri. Alisimama mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama atakaribishwa.

— Amahoro, alisema.

— Amahoro, walijibu wanaume, kila mmoja akitazama kikombe chake.

Mamzeli alimgeukia Mwanvua. Kiswahili chake alikipanga neno kwa neno.

— Mama Asiya. Kahawa... haijaisha?

Mwanvua alimtazama. Angeweza kumfukuza. Lakini birika ilikuwa bado nusu, na mgeni ni mgeni.

— Ndiyo, alijibu, kavu.

— Ah. Pole. Asante, mama.

Na Mamzeli akageuka, akaanza kwenda zake.

— Anaenda wapi? aliuliza Kapiteni.

— Amekasirika, alisema Komunike. Nimesema ni politiki.

— Amekasirikia nini? Nimemwambia kahawa iko, alisema Mwanvua. Kisha akaita. Mamzeli, mbona unaenda?

— Umesema ndiyo.

— Ndiyo nimesema. Ndiyo, haijaisha.

Mamzeli alisimama katikati ya barabara. Baiskeli yenye madebe ya mawese ilimkwepa, mwenye baiskeli akatukana kwa Kirundi, yeye hakusikia. Alirudi taratibu mpaka mbele ya jiko.

— Tena, mama, tafadhali. Nikiuliza, kahawa haijaisha, wewe unasema ndiyo. Kahawa iko?

— Iko. Umesema haijaisha, nimesema ndiyo, umesema kweli.

— Kwetu hapana, alisema Mamzeli. Kwetu ukisema ndiyo, kahawa imekwisha. Ukisema ndiyo, umechukua.

Mwanvua alielewa kabla ya wengine. Mutoto wake hakuiba, hakudanganya, hakukosa adabu. Alijibu kama alivyofundishwa na mama yake, na mama yake naye na mama yake. Woga ule wote ukaanguka.

— Basi Asiya alikataa, alisema.

— Alikataa, alisema Mamzeli, machozi yakimtoka waziwazi mbele ya watu. Alikataa, na mimi nikamwita mwizi mbele ya darasa. Naenda kwa Direkteri sasa hivi. Nitamwambia nimekosa mimi. Kesho Asiya anafanya konkuru. Na darasani nitasema mbele ya wote.

— Lakini kwanza utamwambia yeye, alisema Mwanvua. Iko nyumbani, analia tangu asubuhi.

— Kwanza yeye.

Protokoli tayari alikuwa amesimama na kuvuta koti.

— Munaona, alisema. Mimi tangu juzi nilijua ni jambo la ndiyo. Nilikuwa nangoja mgeni alione mwenyewe. Mutu hafundishwi kuogelea sokoni.

— Wewe ulimpa jembe, alisema Komunike.

Mwanvua alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kicheko kikubwa kilichogeuza vichwa mpaka kwa wauza mihogo. Akamimina vikombe vyote, akampa na Mamzeli, akasema leo halipi mtu. Wakanywa. Mamzeli alijifuta macho kwa mkono wa gauni, akawatazama wale watatu mmoja mmoja.

— Nyinyi munajua mambo yote ya mji, alisema. Sasa niambieni. Chaki zangu nani alichukua?

Kapiteni aliangalia ziwa, kama mtu anayetafuta jibu majini. Komunike alishika redio yake iliyokuwa imezimwa, akaizungusha kifundo. Protokoli alianza kutafuta mita, na mita ilikuwa shingoni mwake.

— Kahawa imekwisha, alisema Mwanvua, akakung'uta birika wote waone.

Akafunika jiko kwa majivu, akafunga kitenge upya, akamshika Mamzeli mkono waende kwa Asiya. Kulikuwa na kijia cha mkato nyuma ya soko, ndicho alichopita asubuhi ili asionane na mtu. Sasa hakukitazama. Alipita barabara kubwa, katikati, polepole, akimsalimia kila mtu kwa jina.