Nilivyochimba Chini ya Nyumba ya Mtemi

Mwangaluka, ndugu zangu. Sogeeni barazani, huko juani mtasinzia. Nimeambiwa kijijini kwenu mna jengo la zamani, mnataka mlifanye kituo cha urithi kama hili letu. Nilisema aanze mwalimu wa kituo hiki kuwasimulia. Mwalimu akasema hapana, aanze yule aliyetaka kuliangusha. Ndiyo mimi. Majina ya watu sitaji. Ubaya wote nitakaousema ni wangu.

Nyumba hii ilikuwa ya mtemi. Baba yangu ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga mlango wake. Utemi ulipokwisha ikawa ghala la pamba, baadaye ikawa ya popo. Lakini ufunguo ulibaki kwetu, baba akaniachia mimi. Shule niliishia darasa la pili, maana ng'ombe walinihitaji kuliko mwalimu. Ujana wangu nikaumalizia Geita kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, ndiyo maana magoti haya yanalia nikisimama. Nikarudi nyumbani sina kitu. Nina ufunguo. Nawaambia, mtu asiye na kitu akiwa na ufunguo, hata nzi akitua mlangoni anamshuku.

Basi akaja mwalimu huyu, mwanamama mstaafu, pamoja na fundi mmoja. Wamebeba futi kamba, pimamaji na daftari. Mwalimu akanisalimu vizuri.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mnapima nini?"

"Nyumba, babu. Tunataka watoto waje wajifunze habari za wazee wao."

Nikasema moyoni, tangu lini watu wakapima nyumba ili watoto wajifunze? Halafu yule fundi akainama, akagonga sakafu kwa kidole. Ko, ko, ko. Ndugu zangu, ninyi ni watu wa huku. Mtu akigonga sakafu ya nyumba ya zamani, mnafikiri anatafuta nini? Tangu tukiwa watoto tunasikia kwamba Mjerumani alizika mali, kwamba mtemi naye alizika mali. Nikajua hawa wana ramani.

Mwalimu akaanza kuniuliza. "Babu, chumba hiki kilikuwa cha nini?" Kilikuwa chumba cha dawa za mvua, hata baba alikuwa anavua viatu kabla ya kukikaribia. Nikamwambia, "Cha mbuzi." Akaandika. "Na hiki?" Hapo ndipo wazee walipokuwa wakikata mashauri. Nikasema, "Mbuzi." Akaniangalia. "Mtemi alikuwa na mbuzi wengi sana, babu." Nikamwambia, "Sana." Nyumba nzima nikaijaza mbuzi ili wasijue pa kuchimba. Yeye akaandika vyote, na kila mlango akaupiga namba kwa chaki. Hizo namba nazo zikaninyima usingizi. Ninyi mmeziona zile alama nyekundu wanazopiga kwenye nyumba za kubomolewa barabarani. Na alipokuwa anatoka akasimama uani, akahesabu mabati kwa kidole, bati moja moja. Nikasema, kumbe mpaka mabati!

Bibi yenu nyumbani aliniona nimenuna. Akaniuliza, nikamweleza. Akacheka mpaka akashika mlango. "Wewe ulichimba Geita miaka yote hiyo ukarudi na kikohozi, leo dhahabu ikufuate mpaka kwenye nyumba ya popo?" Mwanamke akikucheka hivyo, unamshuku na yeye.

Nikaamua niwatangulie.

Nikangoja Jumapili. Watu wako kanisani, wengine gulioni. Nikafungua kwa ufunguo wangu, nikaingia kwenye chumba cha dawa za mvua, nikavunja sakafu kwa sururu. Nilichimba kama nilivyofundishwa, kwanza kushuka chini, kisha kulala kuelekea ukutani, maana niliona mali lazima iwe chini ya msingi. Na matimba niliweka, nguzo za kushikilia udongo, msifikiri mimi mjinga. Lakini Geita tulikuwa tunapita kwenye mwamba. Nguzo mbili zinatosha, mwamba unajishika wenyewe. Hapa kwetu ni luseni, udongo wa kichanga. Mtoto wa huku anayelima viazi anajua luseni haishiki kitu. Mimi mzee niliyezaliwa juu yake nilisahau, kwa sababu siku ile sikuwa mkulima. Nilikuwa mchimbaji na nilikuwa na haraka.

Nilipata nini? Mchanga. Chini ya mchanga, mchanga. Nikasikia juu yangu kitu kama mtu anakohoa. Ukuta ukashuka wote.

Kichwa kilibaki nje na mkono mmoja. Mguu umebanwa. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Na waliosikia ni nani? Mwalimu na yule fundi, walikuwa wamepita baada ya ibada kuangalia mlango. Fundi hakuuliza kitu. Akavua shati la kanisani, akaanza kuchimbua kwa mikono. Mwalimu ameshika kichwa changu, ananipepea kwa lile daftari. Na mimi, ndugu zangu, mchanga mdomoni, nikasema, "Msichukue peke yenu." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya shukrani.

Kijiji kikanitenga. Mnajua kutengwa kwa kwetu. Hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kuitikia salamu yako. Mashineni walimrudisha bibi yenu na mahindi yake kichwani, hayajasagwa, naye hakuwa na kosa lolote. Aliutua mzigo mbele yangu akasema, "Mimi kumbe nimeolewa na fuko." Safari hii hakucheka. Ukifa katika hali hiyo, hata kaburi lako hakuna wa kulichimba. Hilo lilinikaa. Mtu niliyechimba maisha yangu yote.

Dawa ya kutengwa ni moja. Unatoa ng'ombe dume, kijiji kinakula, na kabla hawajala unasimama unasema ulichofanya. Nikatoa dume langu la kulimia. Nikasimama kwa fimbo, maana mguu uliobanwa haukupona sawasawa. Nikasema nilidhani wamekuja kuiba mali ya mtemi, nikataka niibe mimi kwanza.

Ndipo mzee mmoja, mkali kuliko wote, yeye ndiye aliyetamka nitengwe, akakohoa. Akasema, "Alinitangulia wiki moja." Watu wakageuka. "Sururu yangu nilikuwa nimeshainoa."

Kicheko kilichotoka pale! Mwingine naye akasema yeye alishapima kwa hatua. Tukajikuta nusu ya wazee tulikuwa kwenye foleni. Mwalimu akasimama na yeye, akasema, "Babu, nami nisamehe. Niliambiwa unauza mabati ya nyumba hii. Ndiyo maana nilikuwa nayahesabu." Nikamuuliza, "Yalipungua?" Akasema, "Hata moja." Nikamuuliza fundi, "Na wewe uligonga sakafu ya nini?" Akasema, "Kuangalia kama mchwa wamekula chini, mzee wangu."

Kesho yake nilimshika mkono mwalimu, chumba kwa chumba, nikawatoa mbuzi wote kwenye daftari. Ukuta tuliujenga upya. Uangalieni, ule ulionyooka kuliko mingine, hilo ni pimamaji la fundi.

Namshukuru fundi yule, shati lake halikutakata tena. Nawashukuru kina mama waliobeba maji kutoka lamboni kufyatua tofali za ukuta nilioangusha mimi. Namshukuru mwalimu aliyeshika kichwa cha mtu aliyemdanganya. Bibi yenu pia, ingawa bado ananiita fuko.

Nisiwadanganye, kushuku sijaacha. Hata leo mtu akija na kamera nauliza. Ila nauliza kwa mdomo, mbele yake, siku hiyo hiyo. Neno moja, unagonga nini, unahesabu nini, lingeniachia mguu wangu mzima na dume langu. Na akikujibu, usinyamaze na jibu lake kama mimi, muulize tena mpaka utosheke. Huko kwenu fanyeni hivyo kabla tofali la kwanza halijaguswa.

Nimemaliza, sasa ni zamu yenu kuuliza. Na wewe baba mwenye kofia, tangu nianze kusema unaangalia sakafu yangu. Anza wewe.